Mayai ya mjusi wa kufuga kwenye baridi ya Arusha: mawili nimeshayaua, haya mengine nifanyeje?

Mtotoleshaji (mwanzisha uzi), Mei 28, saa 3:12 usiku

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Ngaramtoni. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 176, mwaka wa sita sasa natotolesha ya kwangu na ya majirani. Yani kwenye mambo ya mayai nilikuwa najiona profesa.

Mwezi wa pili mwaka huu bosi wa dada yangu, mgeni aliyemaliza mkataba wake hapa mjini, alirudi kwao akaniachia mjusi. Sisemi mjusi kafiri wa ukutani. Huyu ni mnene, wa njano, ana madoa meusi kama chui, na mkia umejaa kama kidole gumba changu. Asili yao ni huko Pakistan, Afghanistan na India, wenyewe wanawaita lepadi geko. Alikuja na kabati la kioo, karatasi zake, maelezo ya kurasa mbili na jina lake kabisa: Chifu. Watoto wangu wakampenda kuliko mimi baba yao.

Mei 5 asubuhi naenda kumbadilishia maji, namkuta Chifu kanywea tumbo, miguu imejaa udongo. Nafunua kibakuli cha udongo unyevu alichokuja nacho, chini kuna mayai mawili meupe, marefu kidogo, laini kama ngozi. Chifu ni mama.

Nikafanya nilichozoea. Nikayaokota, nikayafuta, nikayalaza kwenye trei pamoja na ya kuku chotara, joto 37.7, trei inajigeuza kila baada ya saa mbili. Siku ya nne yamekuwa ya njano. Siku ya tisa yamekunjamana kama zabibu kavu na mashine nzima inanuka. Mke wangu alinifungulia madirisha bila kusema neno, na mkimjua mtaelewa uzito wake.

Jana usiku kataga tena mawili. Safari hii sijayapeleka kwenye mashine. Yapo kwenye kopo la siagi juu ya pamba niliyoilowesha, sebuleni, na kipimajoto cha hapa sebuleni kinasoma 17. Na Juni bado haijaingia.

Naomba mnijuze: joto kiasi gani, nageuza mara ngapi kwa siku, na je, yana kitu humo ndani au nabembeleza hewa? Maana dume hayupo, Chifu anaishi peke yake tangu alipofika.

---

Kijana wa Sakina, Mei 28, saa 3:20 usiku

Mkuu wenzako wanafuga sungura. Wewe umefuga jini halafu unaomba ushauri lizaliane 😂

---

Mama Vijora, Mei 28, saa 3:31 usiku

Huyo mdudu akitemea mate kwenye chumvi familia nzima mnatoka mabaka. Bibi yangu alikuwa akimuona jikoni anamwaga chumvi yote. Tupa.

---

Dada wa Rau, Mei 28, saa 4:05 usiku

Kaka Mtotoleshaji, kabla hujalala soma hapa.

Nipo Moshi. Nimefanya kazi miaka minne sehemu moja ya kuonyesha watalii nyoka na mijusi, na mayai ya hawa lepadi yamepita mikononi mwangu mengi, yaliyototoka na yaliyoniozea.

Swali lako la pili ndilo linalonitisha kwa hiyo naanza nalo. USIYAGEUZE. Hata mara moja. Yai la kuku ndani lina vikamba viwili vya ute, kimoja kila upande, vinavyokishika kiini katikati, ndiyo maana kuku huyageuza kutwa na mashine yako inamuiga. Yai la mjusi halina vikamba hivyo. Kiinitete hupanda juu kwenye kiini na kuanza kujishikiza kwenye ganda ndani ya siku ya kwanza hivi. Ukilipindua, kile kitoto kinabaki chini, kimefunikwa na uzito wa kiini chake chenyewe. Yale ya kwanza yaligeuzwa mara kumi na mbili kwa siku, na bado yalikuwa yanachemka. 37.7 kwa kuku ni kuatamia, kwa mjusi ni kupika.

Sasa hivi chukua penseli (siyo kalamu ya wino) uweke alama ndogo juu ya kila yai hapohapo lilipo. Kuanzia leo alama hiyo itazame dari mpaka mwisho.

Toa ile pamba. Inagandamana na ganda, na inakuwa ama imelowa chepechepe ama imekauka, katikati haipo. Kesho nenda duka lolote la pembejeo ununue kokopiti, ile ya kuoteshea miche ya nyanya. Arusha imejaa wakulima wa mboga, hutakosa. Loweka, kisha kamua ngumi moja kwa nguvu zako zote. Ukifungua kiganja liwe donge, lisidondoshe tone. Likidondosha tone, kamua tena. Weka vidole vitatu vya kina kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko, toboa mfuniko matundu manne kwa sindano, bonyeza vishimo viwili kwa kidole, laza kila yai nusu ndani nusu nje. Kontena hilo lisirudi jikoni tena.

Haya mayai ganda lake ni la ngozi, yanakunywa maji kutoka pembeni. Usiyanyunyizie juu.

Joto: kati ya 26 na 32. Hapo kuna kitu kitakufurahisha kama mtotoleshaji. Jinsia haimo kwenye yai likitagwa, inaamuliwa na joto. Ukiatamia kwenye 26 watoto karibu wote watakuwa majike. Kwenye 32 na nusu wengi watakuwa madume. Ukizidisha mpaka 34 wanarudi kuwa majike, lakini usifike huko, huko unachezea kifo.

Kuhusu dume: alikotoka alikuwa na mwenzake?

---

Mtotoleshaji, Mei 28, saa 4:22 usiku

Dada nimesoma nimesimama. Miaka sita nalipa umeme wa kugeuza mayai, leo naambiwa kugeuza kunaua.

Penseli tayari, nimetumia ya mtoto wa darasa la pili. Nimeyapa majina A na B.

Ndiyo, kwa yule bosi walikuwa wawili. Dume alipewa mtu mwingine mwezi huohuo wa pili.

---

Dada wa Rau, Mei 28, saa 4:30 usiku

Basi yana uwezekano. Jike la hawa hutunza mbegu za dume mwilini na kutaga nazo mara kadhaa, mawili mawili, kila baada ya wiki tatu nne hivi. Ila pia jike asiyeona dume hutaga mayai viza, kama kuku wako wa mayai. Utajua kwa kumulika baada ya wiki mbili. Kumulika unakujua.

---

Mzee wa Kibosho, Mei 29, saa 12:40 asubuhi

Nimeamka na uzi huu. Mimi mijusi kafiri wa nyumbani hutagia nyuma ya fremu ya picha ya harusi yetu, mwaka wa ishirini huu. Mayai madogo kama punje za njegere, meupe, magumu, ukilidondosha linavunjika kama la ndege. Ya huyu bwana anasema ni laini. Je, ni walewale?

---

Dada wa Rau, Mei 29, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapana, ni ukoo mwingine. Mjusi kafiri hana kope, anajilamba jicho kwa ulimi, ana vidole vya kugandia ukutani, na yai lake lina ganda gumu la chokaa. Hilo halihitaji kokopiti wala nini, likishakauka linajitegemea hapo nyuma ya picha mpaka litotoke. Lepadi ana kope, anafumba macho kama sisi, hawezi kupanda kioo, na yai lake ni la ngozi kwa hiyo bila unyevu linasinyaa. Picha ya harusi iacheni hapo hapo mzee, mmeshawalea wengi.

---

Mzee wa Kibosho, Mei 29, saa 1:20 asubuhi

Marahaba. Mke wangu amecheka sana.

---

Ibn Majengo, Mei 29, saa 7:50 mchana

Sijaja kuharibu uzi, ila kwa Waislamu humu: hilo jina "kafiri" halikuja hivihivi. Ipo hadithi kwa Bukhari, imepokewa kwa Ummu Shariki, kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrisha auawe kwa sababu alikuwa akiupuliza moto wa Nabii Ibrahimu. Kama huyu wa Pakistan anaingia humo au haingii, muulizeni shekhe wenu msiniulize mimi.

---

Mtotoleshaji, Mei 29, saa 8:02 mchana

Nashukuru kwa heshima uliyoleta nayo ndugu yangu. Mimi si Mwislamu lakini jirani yangu ni ustadhi, ndiyo maana kabati liko chumba cha ndani.

Na Mama Vijora usifikiri nimekupuuza. Mate yake sijui, ila hawa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo watoto hapa wananawa kwa sabuni kila wakimshika, na chombo chake hakigusi chakula chetu. Bibi kumwaga chumvi iliyonyewa na mjusi hakukosea.

Sasa joto. Hapa ndipo penye kazi. Mchana nyumba inafika 22, usiku 16 na Julai itashuka zaidi. Mashine yangu haishuki chini ya 36. Nifungie balbu kwenye boksi?

---

Mangi wa Soweto, Mei 29, saa 9:10 alasiri

Lete hayo mayai Moshi bwana. Sisi tuko mita mia nane na kitu, ninyi mko elfu moja na mia nne mnajiita mjini mnavaa makoti mpaka Agosti 😂

---

Dada wa Rau, Mei 29, saa 9:45 alasiri

Moshi nayo Julai usiku haifiki 26, msimdanganye. Na kuyasafirisha na daladala mpaka huku ndiyo kuyageuza kwenyewe.

Balbu inakausha na inachoma yai lililo karibu. Tafuta boksi jeupe la stairofomu la kubebea samaki, lenye mfuniko. Tia maji kina cha sentimita kumi. Nunua hita ya kioo ya tangi la samaki wa mapambo, izamishe ndani, itege 30. Weka matofali mawili yachomoze juu ya maji, kontena lako likae juu ya tofali. Mfuniko wa boksi uinamishe upande mmoja, jasho litiririke pembeni lisidondokee mayai. Hewa ya ndani itakaa 28 hivi. Pima siku mbili ukiwa na kontena tupu, halafu ndiyo uhamishe mayai, ukiyabeba kama yalivyolala.

---

Mtotoleshaji, Juni 1, saa 2:30 usiku

Mrejesho. Boksi nimepewa bure na muuza sangara, limeoshwa mara tatu na paka wa jirani bado analala mlangoni. Hita elfu thelathini. Tofali nililobakiza nilipojenga banda. Siku mbili za majaribio: mchana 28.4, alfajiri 27.6. Leo saa kumi jioni nimehamisha A na B kwa kijiko cha chai, nimezuia pumzi kama nabeba bomu.

Kimoja kinanisumbua. Yai B limebonyea upande, shimo kama la kidole gumba cha mtoto.

---

Dada wa Rau, Juni 1, saa 2:51 usiku

Kiu. Lilikaa kwenye pamba kavu siku ngapi? Tia kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu kwenye kona ya kokopiti, mbali na yai. Kesho kutwa angalia. Likijaa, lilikuwa na kiu. Likizidi kubonyea na kugeuka njano, ni viza.

---

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Juni 2, saa 4:00 asubuhi

Mmemsahau mama. Mtotoleshaji, huyo Chifu unamlisha nini, na mkia wake ukoje?

---

Mtotoleshaji, Juni 2, saa 6:18 mchana

Shikamoo daktari. Mkia umepungua, zamani ulikuwa kidole gumba sasa ni kidole cha shahada. Nampa nyenje, watoto wanawakamata jioni, na mvua zilipokuwepo kumbikumbi. Nawapakaza DCP ya kuku kwa ajili ya madini.

---

Daktari wa Mifugo Mstaafu, Juni 2, saa 7:05 mchana

Marahaba. Acha DCP. Ndani yake kuna kalsiamu na fosforasi pamoja. Kuku wako anakula nafaka na hesabu yake ni nyingine. Wadudu tayari wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, kwa hiyo ukiwapakaza DCP unaongeza kilichozidi. Huyu anahitaji kalsiamu kaboneti tupu. Unayo nyumbani: maganda ya mayai ya kuku, yachemshe, yakaushe, saga mpaka yawe laini kama unga wa sembe, chunga kwa chekecheo la chai. Pakaza wadudu, na weka kifuniko cha soda kimejaa ndani ya kabati ajilambie mwenyewe. Kwa kuwa yuko ndani hapati jua, tafuta pia vitamini D3 ya unga, kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Bila hiyo kalsiamu inapita tu.

Mayai mawili kila wiki tatu yanatoka kwenye mifupa yake. Ikipungua sana atatetemeka miguu, taya litalegea, na yai linaweza kumkwama ndani.

Nyenje wa karibu na mashamba yaliyopigwa dawa usiwaguse. Una funza weusi wa kulishia kuku? Wale wana kalsiamu nyingi kuliko wadudu karibu wote unaoweza kupata.

---

Mtotoleshaji, Juni 2, saa 7:11 mchana

Funza ninao ndoo tatu daktari! Nilikuwa nawapa kuku, Chifu anakula nyenje za kuokota. Aisee.

---

Kijana wa Sakina, Juni 3, saa 2:44 usiku

Kumbe kwa huyu jamaa kuku anakula vizuri kuliko mgeni wa Pakistan 😂😂

---

Mtotoleshaji, Juni 10, saa 2:15 usiku

Siku ya 14. Nimezima taa za chumba kizima, nimekaribisha tochi ya simu ubavuni mwa yai bila kulinyanyua.

A: rangi ya waridi, na mishipa. Mishipa mwanangu! Miwili mikubwa imejitawanya kama mizizi ya mche, na katikati kivuli kama punje ya ulezi. Nimemulika mayai ya kuku maelfu, sikumbuki lini niliita watu waje kuangalia. Nilimwita mke wangu, akaja, akaangalia muda mrefu, akasema "kumbe".

B: lilijaa maji kama ulivyosema dada, shimo limetoweka. Lakini ndani ni njano tupu, sawasawa kote, hakuna uzi. Nilitupe?

---

Dada wa Rau, Juni 10, saa 2:40 usiku

Usitupe yai kwa sababu ya njano. Nimewahi kutupa moja nikakuta mtoto anahema. Mpaka linuke au lisinyae lenyewe, liache. Likiota ukungu lihamishe kwenye kontena lake peke yake, ukungu ufute na kijiti cha pamba.

---

Mtotoleshaji, Juni 20, saa 1:30 asubuhi

Kataga tena usiku, mawili. C na D. Safari hii sikuuliza mtu: penseli, kijiko, kokopiti, boksi. Dakika sita.

B lina ukungu wa kijani. Limehamia kontena la peke yake.

---

Mfanyabiashara Kilombero, Juni 22, saa 5:20 asubuhi

Mkuu nimefuatilia kimya kimya. Soko lipo? Nasikia Ulaya mijusi wananunuliwa kwa dola. Humu Tanzania tuna wale wa bluu kabisa, tunaweza kuunganisha nguvu.

---

Mstaafu wa Maliasili, Juni 22, saa 6:02 mchana

Ndugu mfanyabiashara, hiyo sentensi usiiandike tena mahali popote.

Huyo wa bluu anaishi mkoani Morogoro tu, msitu wa Kimboza na vipande vichache jirani, duniani kote hapatikani kwingine porini. Anakaa kwenye mikadi na mayai anayagandisha kwenye majani ya mkadi huohuo. Kati ya mwisho wa 2004 na katikati ya 2009 watafiti walikadiria kundi moja tu la wakusanyaji lilitoa zaidi ya 30,000, na walikuwa wakikata mikadi ili kuwafikia. Ukikata mkadi umeondoa mjusi, yai na nyumba. Tangu Januari 2017 yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imefungwa. Na sisi wenyewe tulisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016.

Kwa mwanzisha uzi: mnyama wa kigeni naye ana taratibu zake. Umesema ana karatasi. Zipeleke TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori) wakuambie kama zinakutosha wewe, maana zina jina la mwingine.

---

Mtotoleshaji, Juni 22, saa 8:30 mchana

Nimekusikia mzee, nitakwenda Jumatatu. Na siuzi mtu mjusi, jamani. Nauza vifaranga.

(Nyongeza Juni 25: nimekwenda. Wamechukua nakala, nimeelezwa fomu za kujaza, naendelea nazo.)

---

Mtotoleshaji, Julai 4, saa 12:50 asubuhi

Usiku wa jana umeme ulikatika saa mbili, umerudi saa tisa na nusu usiku. Nje baridi ya kukata masikio. Shemeji yangu akaleta jiko la mkaa anasema tuliingize chumbani. Nikamrudisha nalo mlangoni, hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua watu kabla ya mijusi. Nikafunga boksi na blanketi mbili za kimasai, nikaingiza chupa mbili za maji ya moto zilizofungwa khanga, pembeni. Mara ya mwisho kupima umeme ukirudi: 23.5.

Nimewaharibu?

---

Dada wa Rau, Julai 4, saa 1:10 asubuhi

Hapana. Yale maji ya chini ndiyo yaliyokubebea joto usiku kucha. Usiku mmoja wa 23 unakuchelewesha siku kidogo tu. Ila usije ukafidia kwa kupandisha hita! Iache palepale 30. Baridi inachelewesha, moto unaua.

---

Mtotoleshaji, Julai 12, saa 3:00 usiku

B limesinyaa na linanuka. Nimelipasua nje, nyuma ya banda: uji wa njano, hakuna damu hata uzi. Halikuwahi kuwa na kitu. Nimeridhika kwamba sikuua tena.

---

Mtotoleshaji, Julai 20, saa 4:40 usiku

Dada wa Rau upo? Yai A limetoka jasho! Matone madogo juu ya ganda zima na limelegea kama mpira uliopungua upepo. Nilipasue kumsaidia? Kuku huwa nawasaidia.

---

Dada wa Rau, Julai 20, saa 4:43 usiku

MIKONO MFUKONI. Ana vijino viwili vya kupasulia kwenye pua, vyake mwenyewe. Akishachana atatoa kichwa na kukaa hivyo saa nyingi, anamalizia kunyonya kiini. Ukimvuta sasa unamtoa na kiini kinaning'inia. Nenda kalale.

---

Mtotoleshaji, Julai 21, saa 12:15 asubuhi

Sijalala.

Saa nane usiku ganda likachanika mara mbili, mistari myembamba kama ya wembe. Kikatoka kipua. Kikatulia saa tatu nzima, kimetoa kichwa tu, macho yamefumbwa, na kweli wana kope, nimeona akizifumbua moja moja. Saa kumi na moja na robo akajisukuma nje kwa mkupuo mmoja.

Hafanani na mama yake. Ana mikanda mipana, mweusi, njano, mweusi, njano, kama nyigu. Nimempima kwenye mzani wa dawa za kuku: gramu 3. Nilipoweka kidole karibu alisimama kwa miguu minne, akainua mkia, akanipigia kelele. Kitu cha gramu tatu! Mtoto wangu wa pili alirudi nyuma mpaka kwenye kitanda.

Siku 55 tangu litagwe.

---

Mzee wa Kibosho, Julai 21, saa 12:48 asubuhi

Hongera baba mtoto. Mtori utapikwa?

---

Mama Vijora, Julai 21, saa 1:30 asubuhi

Mimi bado nasema tupa. Lakini weka picha.

---

Dada wa Rau, Julai 21, saa 2:05 asubuhi

Hongera sana kaka. Sasa: chombo chake peke yake, kamwe si na mama, atamla. Chini weka karatasi ya kufutia mikono ikiwa na unyevu, si mchanga. Kabla ya kesho asubuhi atajivua ngozi na kuila, usishtuke. Chakula atakataa siku tatu nne, bado ana kiini tumboni. Halafu mpe nyenje wadogo, wasizidi upana kati ya macho yake mawili, na unga wa maganda.

Kwa 28 yako, uwezekano mkubwa ni jike. Usimpe jina la kiume tena.

---

Mtotoleshaji, Julai 25, saa 2:20 usiku

Amekula leo. Funza weusi wawili wadogo kabisa, wa kwanza alimkosa akauma karatasi.

Jina wamempa watoto: Nyigu. Dume au jike litamfaa.

C na D nimemulika jioni hii. C ina mishipa na kivuli kinachotikisika ukisogeza tochi. D nayo ina mishipa. Boksi liko 28.1. Mkia wa Chifu umeanza kujaa tena, daktari.

Na kwa mliokuwa mnauliza inboksi: vifaranga chotara wa wiki moja wapo 140, chanjo ya kwanza wamepata, kuchukulia ni Ngaramtoni.

---

Kijana wa Sakina, Julai 25, saa 2:26 usiku

Nahitaji 30. Hawajakaa mashine moja na jini lakini?

---

Mtotoleshaji, Julai 25, saa 2:27 usiku

Mashine iliyonuka niliiosha mara nne. Njoo Jumamosi na boksi lako.